Kitone cha Kijani Siku ya Mvua

Walimu ndio waliotaka iwe hivyo, na mimi nilikubali haraka kwa sababu nilikuwa nimechoka. Tulikuwa tumekaa siku mbili katika ofisi yao kule Machochwe, tukibuni pamoja mfumo wa kwenye kishikwambi utakaomwonyesha mwalimu nani anahudhuria, nani anaachwa nyuma kwenye hesabu, nani aulizwe zaidi kesho. Kila mtoto angekuwa kitone, na vitone vimepangwa kama watoto wanavyokaa. Lakini darasa lina watoto zaidi ya mia, na walimu wakasema hawana muda wa kugusa majina yote kila asubuhi. Basi mfumo umhesabu kila mtoto kuwa yupo, kijani, na mwalimu amguse asiyekuja tu, awe mwekundu. Kila Ijumaa meseji iende kwa mzazi. Chini ya meseji tukaweka namba ya msaada, yangu. Nilijiona nina akili. Mzazi hata mmoja hatukumwita kwenye kile kikao.

Muhula uliofuata nilikuwa nyumbani Tarime, napitia takwimu huku nakunywa chai, nikaona msichana mmoja wa darasa la tano hajakosa hata siku moja. Mtoto wa namna hiyo sijawahi kumwona. Siku ya mnada nusu ya darasa iko na ng'ombe, yeye yupo. Lakini upande wa mazoezi hakuwa na alama yoyote. Hata sifuri hakuwa nayo, palikuwa patupu. Kisha nikafungua siku ya mvua kubwa, mito ilipojaa na hakuna mtoto aliyevuka. Vitone vyote vilikuwa vyekundu isipokuwa kimoja, chake, safu ya tatu. Kilikuwa kijani, peke yake katika darasa zima. Nilifunga kompyuta. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka, na niliogopa.

Nikajipa moyo kwamba ni kosa la programu, nikaenda shuleni Machochwe. Mwalimu wa darasa, mzee aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, aliitikia shikamoo yangu akaniongoza ndani. Watoto walibanana wanne wanne, ila safu ya tatu dawati moja lilikuwa na watatu na nafasi pembeni. Nilipomwonyesha kile kitone aliitazama ile nafasi kwenye dawati. Halafu akanieleza taratibu kwamba binti huyo alifariki wakati wa likizo, homa ya siku tatu tu, na yeye mwenyewe alishika chepe kaburini. Kila asubuhi anawagusa wasiokuja mmoja mmoja, na akifika kwenye jina lile mkono unakataa.

"Kumzika nimemzika, mwanangu," alisema. "Lakini kusema hayupo, siwezi. Sema wewe."

Nikachukua kishikwambi, nikachagua kulifuta jina lake. Mfumo ukaniuliza kama nina uhakika, swali nililoliandika mwenyewe, nikabonyeza ndiyo. Kitone kikatoweka, pakabaki pengo. Mzee alikuwa ameangalia dirishani. Nikiwa njiani kurudi ndipo nilipokumbuka meseji za Ijumaa. Wiki zote hizo mama wa yule binti alikuwa akiambiwa kwamba mtoto wake amehudhuria siku zote tano. Niliona aibu sana. Nikapanga kwenda kumwomba radhi, nikaahirisha.

Ijumaa jioni simu iliita, namba nisiyoijua. Alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya upole, Kiswahili chake kikiwa na lafudhi ya Kikurya. Alinisalimia, akajitambulisha kuwa ni mama wa binti wa darasa la tano. Nikaanza kuomba radhi. Alinisubiri nimalize. Akasema anajua mtoto alipo, kaburi liko hapo hapo nyumbani na analifagia kila asubuhi. Alitaka kuuliza jambo moja.

"Leo meseji haijafika. Nani amesema mwanangu hakuja shule?"

Nikamwambia ni mimi.