Msiba Tuliopandisha Kwenye Mashua ya Yakobo

Enyi wandugu, sogeeni karibu, na wewe mwenye rimoti zima kwanza hiyo televisheni. Niwaambie namna wanaume wazima wawili tulibeba msiba kwenye gari mpaka Buffalo, huku Amerika, halafu ukatushinda kuutua.

Bon. Mama ya Yakobo alikufa Bujumbura Jumatano. Yakobo ni mtoto wa baba yangu mkubwa, anakaa Black Rock, kule Buffalo. Kwetu mtu hapigiwi simu kuambiwa mama amekufa. Watu wanakuja, anakula kwanza, ndiyo mkubwa anasema. Bibi yake wa ndoa, Mama Neema, akanipigia amejifungia bafuni: "Shemeji, kimbieni! Simu yake nimeitumbukiza kwenye maji ya vyombo asione WhatsApp. Sasa ameifukia kwenye mchele, anangoja ikauke!"

Alhamisi saa tisa nikatoka kazini Louisville, nikawasha gari yangu, ile iliyozaliwa kabla ya Nuhu. Jioni nikafika Whitehall, Columbus, kwa mjomba wetu Mzee Daudi. Yeye ndiye mkubwa wa kusema.

"Maneno uko nayo?" nikamuuliza.

"Mimi nimezika watu mia tatu. Maneno yanalala hapa mdomoni."

Ijumaa saa sita tukafika Black Rock. Yakobo akafungua mlango amevaa jaketi la kuelea, mle mle sebuleni!

"Mungu ni mwema! Nani amewaambia leo ndiyo siku ya mashua?"

Donc, kumbe Yakobo alikuwa ameomba ruhusa kazini, amekodi mashua siku mbili, ya kutembea kwenye mfereji mkubwa. Akatusukuma ndani ya gari. Mama Neema akabaki mlangoni, mkono mdomoni.

Saa nane tukapanda. Mashua ndefu, nyembamba, kama jeneza la chatu, na ndani kuna jiko na vitanda. Haina haraka. Bibi kizee mmoja na mbwa wake walitupita kando ya maji, wakaenda nyumbani, wakala, wakalala kidogo, wakarudi, wakatupita tena. Miti imekuwa myekundu, matofaa yanaanguka majini. Pazuri! Mimi namkodolea mjomba macho. Yakobo anaimba.

Mzee Daudi akakohoa. "Yakobo, mwanangu..."

"Ngoja mjomba, daraja!"

Daraja zima la chuma likapanda juu kama lifti. Mlinzi akatupungia mkono.

Mbele kidogo tukaingia kati ya malango mawili ya maji. Yakajifunga, maji yakashuka, nasi tukashuka nayo, kuta za mawe huku na huku kama watu waliotangulia kaburini. Nikamfinya mjomba. "Sema sasa."

"Hapa? Mtu ameshika usukani! Atatuua, halafu nani atatuletea sisi habari?"

Saa kumi na moja tukafunga kamba kwenye nguzo, tukala ugali na samaki. Mzee Daudi akafungua mdomo. Neno halikutoka, machozi ndiyo yalitoka. Mtu wa mazishi mia tatu!

Yakobo akapangusa mikono polepole. "Ni mama."

Mjomba akamshika bega.

"Ninyi wawili mlikuja kwangu pamoja mara moja tu, wakati baba alipokufa. Leo nilipofungua mlango nilijua. Nikasema, wacha kwanza niendeshe. Mama nilimwahidi picha yangu kwenye usukani. Nikisikia kwanza, sitapanda tena."

Akaweka kichwa kwenye meza.

Jumamosi asubuhi tukageuza. Alikataa kuachia usukani. Alilia amesimama, na mashua haikugusa ukingo hata mara moja. Mimi sikusoma, lakini hilo nililiona kwa macho: tulikwenda kumbeba mtu wa msiba, yeye ndiye alitubeba.

Tulikaa matanga siku nne, nyumba imejaa mpaka kwenye ngazi. Siku ya kuondoka watu wote wakatusindikiza nje. Gari imeshawaka, Yakobo akaingiza kichwa dirishani, macho bado mekundu, akapaza sauti mtaa mzima ukasikia:

"Mje tena, jamani! Lakini mjaribu mara moja kuja siku hakuna aliyekufa!"