Kiti cha Kampuni

Juzi nilipita Magarini nikaona kibao kipya kwenye uzio wa mashamba ya chumvi: Mali ya Kampuni. Papo hapo nikanusa moshi wa vifuu wa alasiri ile ya utotoni mwangu.

Watu wazima walikuwa wakisema Kampuni amechukua ardhi yetu na leo anakuja. Nikajua ni mzee mmoja mnene. Nyanya alifagia uwanja, akatoa kiti cha babu na kata ya maji.

"Mtu hachukui mahali penye makaburi bila kuketi na wenyewe," alisema.

Nilioga, nikakaa nikijizoeza kumwamkia shikamoo.

Likaja tingatinga likinguruma. Akashuka dereva, kijana mwembamba.

"Kampuni mwenyewe yuko wapi?" Nyanya alimwuliza.

"Mama, hata mimi sijamwona. Nimetumwa tu."

Akanywa yale maji amesimama, akashukuru, kisha akapanda tingatinga, akaanza kubomoa kwa kaburi la babu.

Sasa najua kwamba Kampuni ni mtu mbele ya sheria tu. Humiliki, hushtaki, huuza, ila hana makalio ya kukalia kiti. Nyanya alifia mjini, mtaa wa Barani, kwenye chumba cha kupanga. Kampuni hafi, wala hana kaburi ambalo nasi tungeweza kulivunja.