Kamba ya Fuko Iko Mikononi mwa Mkewe

Asubuhi, jua likiwa bado changa, kichwa cha Fuko kinatokomea ndani ya shimo. Mkewe anaachia kamba polepole bila kumtazama. Hawajasemeshana tangu jana. Kila neno linapita kwa mdogo wake Fuko, ambaye kazi yake hasa ni kumwaga udongo.

"Mwambie kaka yako achunge kichwa."

"Kaka, unaambiwa uchunge kichwa!"

"Mwambie nimesikia," inajibu sauti kutoka chini.

Mwenye kiwanja anacheka. Mkewe Fuko hacheki hata kidogo.

Fuko, jina alilopachikwa na majirani, amechimba visima kwa miaka ishirini. Anazijua tabaka za ardhi kwa ncha ya sururu: udongo mweusi juu, mwekundu chini yake, kisha wa mfinyanzi unaonata, halafu mchanga wenye maji, na mwisho mwamba. Leo ndoo imepanda na kokoto laini za mviringo.

"Hizi zimesuguliwa na mto," mkewe anamweleza mwandishi wa makala haya, akimpa moja.

Mto wenyewe hauonekani popote.

"Ulipita hapa zamani sana, babu wa babu zetu hawajazaliwa. Ukahama, mvua zikaleta udongo, ukafukiwa. Ardhi haitulii, mwanangu. Sisi tu ndio hatuoni ikienda."

Kokoto hizo ndizo kiini cha ugomvi. Penye kokoto mchanga hauko mbali, na mchanga uliolowa haujishikilii. Mke anataka pete za zege zishushwe kwanza, zizuie kuta. Fuko anaona pete zitameza malipo yote. Hulipwa kwa futi, na pacha wao wanaingia sekondari mwezi ujao.

"Nimeshuka visima vingapi bila pete?" aliuliza jana. Mkewe akanuna, na bado amenuna.

Ghafla anatazama miguuni pake. Ufa mwembamba kama uzi umejichora ardhini, ukizunguka mdomo wa kisima. Walipofika haukuwapo.

"Baba Pacha! Shika kamba!"

"Bado ndoo mbili!"

"Nimesema shika!"

Kwa kanuni yao, aliye chini ndiye anayeomba kuvutwa. Leo hakuna anayemngoja aombe. Mke na shemeji yake wanazungusha mpini wa mtambo wa kamba kwa nguvu zote, na Fuko anapanda huku akifoka. Wanamdaka kwapani, wanamburuta hadi kwenye nyasi.

Nyuma yao ukuta unaporomoka. Mshindo mzito, vumbi, kisha kimya. Sururu na ndoo vimefukiwa, na mtambo wa kamba umeinamia shimoni.

Mkewe anakaa chini, analia kwa sauti.

"Ningekuwa mjane nimenuna," anasema.

Fuko anafuta matope usoni na kueleza mpango wake: atachimba upya upande wa pili wa kiwanja, maana maji yapo. Safari hii atakodi kalibu ya kumiminia zege na kufyatua pete mwenyewe, gharama ipungue.

"Zikishashuka pete, ndipo ushuke wewe," mkewe anasema, akimtazama usoni.

Fuko anamgeukia mdogo wake. "Mwambie shemeji yako nimekubali."

"Mimi nimeacha kazi hiyo. Mwambie mwenyewe, si huyo hapo?"

Fuko anainamisha kichwa.

"Nimekubali, Mama Pacha."