Maboya Yenye Nafasi ya Kukua

Mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka yote niliyoshona hapa Lushoto sijawahi kumshonea mtoto nguo inayomtosha. Ukimshonea sare inayomkaa sawasawa mwezi wa kwanza, mama yake atakuja mwezi wa saba akufokee mbele ya wateja. Kwetu mtoto hapimwi alivyo, anapimwa atakavyokuwa. Mikono ya sweta inakunjwa, sketi inaachiwa pindo pana kwa ndani, na mtoto anakwenda shule amevaa nguo za mtoto wa mwakani. Mzazi akisimama mlangoni pangu, salamu haijaisha vizuri ameshasema, "Fundi, mwachie nafasi ya kukua." Najibu kwamba nimeshamwachia.

Naeleza haya mapema kwa sababu watu wakisikia habari ya maboya wananicheka kabla hawajajua nilikotoka.

Mwanangu ni mmoja tu, na yuko Tanga. Alishuka kutafuta kazi, akaipata, akapata na mke, wakapata binti. Baba yake alipofariki nilibaki peke yangu kwenye nyumba tuliyoijenga tukitarajia watoto wengi. Hata nyumba tuliiachia nafasi ya kukua, na nafasi ikabaki nafasi. Nilikuwa mpweke, na sioni haya kulisema neno hilo. Mchana kuna wateja, kuna mlio wa cherehani, kuna wasichana wa shule wanaokuja kupunguza sketi ambazo mama zao waliagiza ziwe ndefu. Jioni ukungu ukishuka nafunga kibanda, napika chakula cha mtu mmoja, na ninakula nusu yake. Kula peke yako si kula. Redio naiacha ikiongea hata nikiwa siisikilizi.

Kilichonifanya nivumilie ni Desemba. Kila Desemba waliniletea mjukuu wangu wa likizo. Yeye aliniita bibi, mimi nikamwita mke mwenzangu, maana babu yake alituacha sote wawili. Kishambaa hakukijua, ila alijifunza kuamkia majirani zangu, akawa anatoa shikamoo hata kwa ng'ombe wa jirani.

Mwaka aliotimiza miaka minne, mama yake alinipigia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mama, huyu mtoto siku hizi ni maji tu. Tusipompeleka ufukweni Jumapili analia mpaka anapaliwa. Nilikuwa nafikiri likizo hii aende kwa mama yangu Pangani. Huko kwako atachoka, hakuna pa kuogelea."

"Nani kasema hakuna? Mlete."

"Kuna wapi, mama?"

"Kuna. Mlete tu."

Palikuwepo kweli. Juu ya mji kuna nyumba ya wageni niliyowahi kuishonea mapazia, na nyuma yake kuna bwawa dogo la kuogelea ambalo wageni huliangalia, huingiza kidole, kisha hurudi ndani kunywa chai. Mimi mwenyewe sikuwahi kuingia maji yanayopita magoti. Sisi watu wa milimani maji tunayajua ya kuchota, ya kumwagilia kabichi na ya kuvuka kwa kurukia mawe. Lakini nilijua vizuri sana kilichokuwa kinapimwa. Mtoto akiyapenda maji ya huku, atarudi kila Desemba. Asipoyapenda, ataniacha aende baharini, na bahari siwezi kushindana nayo.

"Basi mama, mnunulie maboya ya mikononi," mkwe wangu akasema. "Yale ya plastiki ya kupuliza, yanavaliwa juu ya kiwiko. Bila hayo asiingie."

Nilikwenda sokoni kwa muuza vyombo vya plastiki. Chini ya mabeseni na mipira alikuwa na pakiti mbili zenye vumbi, moja ya maboya madogo na nyingine ya makubwa. Nje kulichorwa watoto na namba za miaka. Nikauliza bei. Akasema bei ni ileile.

Sasa niambie, mtu mwenye akili zake, bei ni ileile, atachukua madogo kwa ajili ya nini? Nilichukua makubwa. Na nitasema ukweli wote, haikuwa bei peke yake. Nilipoyashika yale madogo nilimwona mtoto wa mwaka huu tu. Nilipoyashika makubwa nilimwona akija akiwa na miaka mitano, sita, saba, tukiyatoa kabatini kila Desemba na kuyapuliza. Nilinunua miaka yake ijayo, nikafurahi njia nzima.

Nyumbani niliyajaribu kama wanavyojaribu mpira wa baiskeli. Nikayapuliza mpaka kichwa kikazunguka, nikayazamisha kwenye pipa la maji, nikatazama kama kuna povu. Hakuna. Nikayakandamiza kwa mikono miwili, yakaruka juu kwa nguvu. Nikaridhika kwamba mzigo ni mzima. Mkono wa mtoto sikuufikiria kabisa, mimi ambaye riziki yangu ni kupima mikono.

Alipokuja, mambo ya kwanza aliyouliza yalikuwa mawili. Moja, maji yako wapi. Pili, kwa nini hapa ni baridi. Siku ya tatu jua lilitoka, nikamchukua. Bwawani hapakuwa na mtu isipokuwa mhudumu aliyekuwa anafagia majani ya mikaratusi. Nilimvua mtoto gauni, akaanza kutetemeka, midomo ikabadilika rangi. Nikamvalisha maboya, yakateleza mpaka kwenye viganja. Mkono wake ulikuwa kama kijiti ndani ya bangili ya mtu mzima.

Hapo ndipo ufundi wangu uliponiponza. Niliona matatizo mawili na dawa moja. Mtoto ana baridi, maboya yamelegea. Nikamvalisha sweta lake la sufu, nene, nililomfumia mwenyewe, na juu ya mikono ya sweta nikayapandisha maboya. Yakakaa. Nikavuta, hayakushuka. Nikamgeuza mbele na nyuma kama mteja anayejaribu koti la harusi. Mhudumu aliacha kufagia akatutazama.

"Mama, ataogelea na sweta?" akauliza.

"Wewe huoni baridi hii?" nikamjibu.

Akarudi kufagia. Mwanamke wa umri wangu huku habishiwi.

Mtoto alishuka ngazi za bwawa upande usio na kina, maji yakamfika kifuani. Akacheka. Akaniita, "Bibi, naelea!" Na kweli alikuwa anaelea, akisogea kidogo kidogo kuelekea kwenye kina, nami pale ukingoni nikaanza kuhesabu Desemba zangu. Lakini sufu ikilowa si sufu tena. Sweta likanywa maji, likawa zito, mikono yake ikarefuka na kushuka, na maboya yakashuka nayo. Yalifika kwenye vifundo vya mikono. Nikaona mikono yake miwili ikiwa juu imeshikwa na maboya, na kichwa chake kikiwa chini.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mimi niliyaoga na nguo zangu, na viatu, na kilemba. Sikumbuki nilivyoingia. Nakumbuka baridi iliyonikata pumzi na maji yaliyonifika kiunoni, na lile sweta nililolishika kwa nyuma nikalivuta. Mhudumu aliruka pia, ila alinikuta nimeshamkumbatia. Mtoto alikohoa, akatema maji, akalia kwa sauti kubwa. Sijawahi kusikia kilio kizuri kama kile.

Nilimvua sweta, nikamfunga kanga ya yule mhudumu aliyokuwa ameianika jirani, tukarudi nyumbani mimi nikidondosha maji barabarani. Nilimwotesha moto jikoni. Nilidhani basi, bwawa limeisha. Asubuhi yake akaniamsha kwa kunivuta sikio.

"Bibi, twende kwenye maji. Lakini sweta hapana."

Tulikwenda. Maboya tuliyaacha nyumbani na sweta tukaliacha kwenye kamba. Niliingia naye mwenyewe, polepole, nimefunga kitenge kifuani, meno yakigongana. Nikasimama pale maji yaliponifika kiunoni, nikaweka viganja viwili chini ya tumbo lake, yeye akapiga miguu. Alikuwa mwepesi kuliko gauni lililolowa. Tulizunguka hivyo mpaka miguu yangu ikafa ganzi. Kila jua lilipotoka likizo ile, tulirudi. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha zaidi ya hiyo tangu nizikwe nusu pamoja na mume wangu.

Kisha baba yake akaja kumchukua, na mtoto akiwa bado hajapanda gari akamweleza yote. Alianza na sweta. Mwanangu alinitazama, akacheka kidogo, akasema, "Mama bwana." Mkwe wangu hakusema neno baya. Alinipigia akanishukuru kwa viazi na maparachichi niliyowapelekea. Hakutaja bwawa, nami nikajua amelisikia.

Desemba iliyofuata mtoto alikuwa na masomo ya ziada. Masomo ya ziada, mtoto wa miaka mitano. Desemba ya baada ya hiyo alikwenda Pangani kwa bibi yake mwingine, na zilizofuata vilevile. Sikugombana na mtu. Ningegombana nini? Mama anayeogopea mtoto wake yuko sahihi hata akikosea. Lakini nilimchukia yule bibi wa Pangani ambaye sijamwona hata mara tano, anayeamka na bahari mlangoni bila kununua kitu. Nilikaa na chumba kilichotandikwa. Jirani akinisalimu na kuuliza mgeni wangu anakuja lini, nilimwambia anakuja, kisha nikaingia ndani. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na bibi wa mbali ni sauti tu kwenye simu. Maboya yalikaa kwenye droo ya cherehani pamoja na zipu na vifungo. Kila nilipotafuta kifungo niliyaona.

Juzi simu ililia nikiwa napiga pasi. Alikuwa yeye. Sauti imekomaa, imeanza kuwa ya msichana.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mke mwenzangu. Umeadimika."

"Bibi, mimi sasa najua kuogelea. Bila maboya, bila kitu."

Nikampa hongera. Niliisema vizuri, lakini moyoni nilisikia mlango ukifungwa. Miaka yote ile niliyoinunua sokoni alikuwa amekwisha kuipita bila kuivaa.

"Njoo wewe huku," akasema. "Maji ya huku ya moto. Nitakufundisha."

"Mimi? Nitazama, mwanangu."

"Huzami. Si unayo yale maboya makubwa? Mimi nilikuwa mdogo, yakanitoka. Wewe vaa. Halafu mimi nitakushika tumbo, kama ulivyonishika."

Mama yake akachukua simu.

"Mama, ni kweli, uje. Kila siku tunakusubiri useme unakuja, husemi."

"Nilikuwa nawasubiri nyinyi," nikasema.

"Basi tumesubiriana," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu habari ya sweta nikamsikia akicheka nami.

Simu ilipokatika nilizima pasi nikafungua droo. Plastiki ilikuwa imeshikamana, nikaibandua taratibu kwa kucha. Nikapuliza boya moja, nikipumzika katikati, maana pumzi si ile ya zamani. Nikalowesha mkono wangu kwa maji ya kunyunyizia pasi, nikalipitisha kwenye kiganja, nikalipandisha mpaka juu ya kiwiko.

Nimekonda, sikujua nimekonda kiasi gani. Nikanyoosha mkono chini nikautikisa, boya halikushuka. Nikapitisha kidole ndani kama ninavyofanya kwenye kola ya mteja. Halikubana na halikulegea, lilinikaa kama nililopimiwa.

Niliketi kwenye kiti cha cherehani na boya mkononi, nikalia, na mwanamke aliyeleta sare ya mwanawe akanikuta hivyo hivyo. Aliniuliza kuna nini. Nikamwambia arudi wiki ijayo, fundi anasafiri.