Nati ya Gurudumu la Nne

Aliyehusika na kushindwa kwa breki za landrova ya marehemu baba yetu ni mimi. Si marehemu Meku Aisaria, jirani yetu aliyenifundisha ufundi wa magari, wala si mdogo wangu Elibariki aliyekuwa ameshika usukani. Naliweka hilo mwanzoni kabisa, mwanangu, kwa sababu Krismasi iliyopita, tukiwa tumekaa uani tunakula, nilimsikia kijana mmoja wa ukoo wetu akimcheka mwenzake aliyefunga bawaba ya mlango ikalegea. "Hiyo sasa ni breki za Aisaria!" alisema, na uani pote watu wakaangua kicheko. Niliinuka kwa hasira, nikaingia ndani. Nilipokaa kitandani ndipo nilipotambua kwamba kicheko kile nilikilea mwenyewe, kwa miaka yote niliyonyamaza.

Basi kaa, nikuandikie kwa utaratibu.

Katika utumishi wangu wote niliwaambia walio chini yangu kwamba kumbukumbu ya uongo ni mbaya kuliko kutokuwa na kumbukumbu. Maneno hayo hayakutoka hewani. Ninayo kumbukumbu moja ya uongo, kwa mwandiko wangu, katika daftari ambalo bado liko kabatini.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, bidhaa zilipoanza kurudi madukani. Nilikuwa kijana, karani wa majalada ya magari katika ofisi moja ya serikali mjini Moshi, na kila jioni nilipanda kurudi kwetu Old Moshi. Nyuma ya nyumba, kati ya migomba, landrova ya baba ilikuwa imekaa juu ya mawe kwa miaka minane. Ilisimama kwa kukosa vipuri. Baba akafariki bila kuisikia ikiunguruma tena, na kuku wakaigeuza banda lao la kutagia. Vipuri vilipoanza kuonekana soko la Kiboriloni, vikiingia kutoka Kenya kupitia mpaka wa Holili, nilijiapiza kwamba Krismasi ile mama angekwenda kanisani kwa gari la mumewe.

Lazima uelewe uzito wa Desemba kwetu. Mtu anaweza kukaa Dar es Salaam au Mwanza mwaka mzima bila kuandika hata barua, lakini Desemba atapanda kurudi kihambani, kwenye shamba la ukoo, na akishafika ataangaza macho kuona waliobaki nyumbani wamefanya nini. Mimi ndiye niliyebaki. Elibariki alikuwa Dar, na kila alipokuja alikuja na kitu cha kuonyesha. Sikutaka tu gari litengemae. Nilitaka aingie uani alikute linanguruma.

Meku Aisaria alikuwa dereva wa malori tangu ujana wake na fundi wa magari ya mlima mzima. Tulimwita Meku, kama tunavyowaita wazee kwa Kichagga. Alikubali kunisimamia bila kuombwa mara mbili. Tulisafisha chasisi kwa brashi ya waya, tukaziba kwa bati palipoliwa na kutu, nikaipaka rangi nyeusi upande wa chini wote kwa mkono wangu. Tulifungua giaboksi, tukabadilisha majani mawili ya springi yaliyokatika, tukaosha kabureta mpaka ikang'aa. Nami, kwa ukarani wangu, nilifungua daftari lenye safu nne: kazi, tarehe, aliyeifanya, aliyeikagua.

"Shikamoo, Meku," nilimwambia kila Jumamosi.

"Marahaba, Karani. Leo umeshaandika, au utasubiri tufanye kwanza?" Kisha alimgeukia mama. "Mama Eli, huyu mwanao angeweza kumkatia ng'ombe stakabadhi ya maziwa!"

"Mwache aandike," mama alijibu. "Ila mniambie hilo gari litapona lini. Mgonjwa wa miaka minane, wengine wangekuwa wameshamzika."

Meku alikuwa na sharti moja tu. Jina lake lisiingie katika safu ya nne mpaka yeye mwenyewe awe amejaribu kitu hicho. Breki alizijaribu kwa namna yake: gari tupu, bila abiria, kwenye kipande cha mteremko juu ya kihamba chetu, na magogo mawili yakiwa yamelazwa njiani chini yake. Akiridhika, alisema, "Sasa niandikie." Nikamwandika.

Wiki moja kabla ya Krismasi alipata msiba Marangu, akaenda kukaa na ndugu zake. Tulikuwa tumefunga raba mpya za breki, imebaki kutoa upepo kwenye mabomba yake, maana upepo ukibaki humo breki haishiki. Aliniachia agizo mlangoni, mwanangu, akiwa ameshavaa koti lake la safari: "Karani, upepo unaweza kuutoa. Jina langu usilitie mpaka nirudi."

Kazi ya kutoa upepo inataka watu wawili. Mmoja anakanyaga breki, mwingine yuko chini anafungua nati ndogo iliyo nyuma ya gurudumu, mafuta yatoke pamoja na mapovu, kisha anaifunga. Nilimwomba mama akae kwenye kiti cha dereva. Alifurahi kama msichana. Alikanyaga na kuachia kila nilipomwita, akicheka kwamba marehemu hakuwahi kumruhusu hata kugusa usukani. Gurudumu la kwanza likatii, la pili likatii, la tatu pia. Nati ya gurudumu la nne, la nyuma kushoto, ilikuwa imeshikwa na kutu chini ya rangi yangu. Niliijaribu mara moja, spana ikateleza, nikaogopa kuikata. Kama ingekatika, ningelazimika kutafuta silinda nyingine, na Krismasi ingepita.

"Tumemaliza?" mama aliuliza kutoka juu.

"Tumemaliza, Mama."

Nililiendesha gari uani, palipo sawa. Breki ilikuwa laini, lakini nilipoikanyaga mara mbili tatu ilishika. Nikaona inatosha. Nikafungua daftari, nikaandika kwamba breki zimetolewa upepo magurudumu manne na zimejaribiwa mteremkoni. Katika safu ya nne nikaandika: Aisaria. Mama nikamwambia kwamba Meku alipita alfajiri, akazijaribu, akarudi msibani.

Elibariki alifika siku tatu baadaye. Alilizunguka gari, akapiga mluzi, akanikumbatia, nami nikajiona mtu. Siku ya kuamkia sikukuu mama alitaka kushuka Kiboriloni kununua mchele, mimi nikabaki nyumbani na mbuzi wa kuchinja. Elibariki ni mtu wa tahadhari. Kabla ya kuwasha gari alilisoma daftari ukurasa kwa ukurasa.

"Kaka, breki Meku amezikagua mwenyewe?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema subiri kesho. Mwanangu, kati ya swali lile na jibu langu kulikuwa na nafasi ya kutosha kuokoa kila kitu.

"Si umesoma?" nikamjibu.

Walipofika mteremko mkali wa pili, breki ilizama mpaka sakafuni. Elibariki alivuta hendibreki, haikutosha, akaona heri akwame kwenye ukingo wa udongo kuliko kutumbukia korongoni. Aliingia kwenye kahawa ya watu, gari likalala ubavu. Yeye alitoka na michubuko. Mama alivunjika mkono wa kushoto. Ulipona umepinda, na tangu siku ile hakuweza tena kukamua ng'ombe wala kujitwisha mkungu wa ndizi.

Hospitalini, akiwa amefungwa plasta, aliniita karibu. "Aisaria amezeeka," alisema kwa upole. "Sina kinyongo. Ila awaambie watu ukweli, asishike tena magari." Niliitazama plasta ile, nikamrekebishia mto, nikatoka. Maneno ya mama yalipanda mlima kabla yetu. Hakuna aliyempelekea tena Meku gari.

Meku aliporudi kutoka Marangu alikuja moja kwa moja uani, ambako landrova ilikuwa imevutwa. Alilala chini, akatazama gurudumu moja baada ya jingine, akaniita nilale kando yake. Aligusa nati ya la nne kwa ncha ya spana. Nati ikifunguliwa, rangi yake hupasuka. Zile tatu zilikuwa zimepasuka. Hii ya nne ilikuwa nyeusi, laini, nzima, kama nilivyoipaka.

"Rangi yako ni nzuri, Karani," alisema. Akainuka, akajipangusa magoti, akaenda zake.

Sasa ninafika kwenye kosa langu kubwa zaidi, na hili ni la mtu wa kwetu, kwa kuwa wengine wasingekuwa na namna ya kulifanya. Unalijua jani la isale, la mmea ule tunaopandia mipaka ya vihamba. Anayeletewa isale na aliyemkosea hawezi kukataa kumsamehe. Nilichuma isale, nikalificha ndani ya koti, nikapita kwa nyuma, katikati ya mibuni, nisionekane na mtu. Nikamkabidhi Meku kwa mikono miwili.

Alilipokea. Akaligeuza mkononi.

"Nimekusamehe," alisema. "Sikuwa na njia nyingine, nawe ulijua, ndiyo maana umelileta. Lakini isale huletwa kwa njia ya mbele, Karani, watu wakiona. Wewe umenipa ili uninyamazishe."

"Meku, nitawaambia. Nipe muda."

"Daftari ni lako. Utaliandika upya mwenyewe."

Jumamosi iliyofuata alikuja na vifaa vyake, tukalitengeneza gari lile mara ya pili, nati ile tukaifungua kwa moto. Gari lilitutumikia miaka mingi. Alinisubiri miaka yote hiyo, akiniamkua kwa furaha, akiniita Karani. Mama alitangulia, bila kujua. Kisha Meku naye akafariki, nami, kwa kuwa ni mtu wa maandishi, niliombwa kuandika wasifu wake. Nikasimama mbele ya jeneza lake nikasoma kwamba alikuwa fundi hodari "hadi uzee ulipompunguzia macho." Nilimsingizia mara ya pili, naye hawezi tena kunijibu.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Usiandike kilichofanyika kabla hakijafanyika, hata kama wageni wako mlangoni. Usitie jina la mtu mahali ambapo mkono wake haukufika. Ukikosea, omba msamaha pale pale ulipoharibu, mbele ya wale wale waliosikia uongo wako. Msamaha wa kichochoroni unamwacha uliyemkosea na mzigo wako mgongoni. Na ukiulizwa swali la wazi, jibu swali hilo. Mungu akujalie mkono mwepesi wa kufuta ulichoandika vibaya, akupe wazee wa kukusubiri kama nilivyosubiriwa, lakini asikupe nafasi ya kuwasubirisha kama mimi.

Kwa hiyo, kwa waraka huu, nadai rasmi mbele ya ukoo: kwamba kikao chetu cha Desemba hii kiniite kwa jina, kwamba daftari lifunguliwe ukurasa ule na Elibariki ausome kwa sauti, kwamba Mama Nuru, binti wa Meku Aisaria, aalikwe na kukalishwa mbele, nami nimpelekee isale kupitia lango kuu, mchana, ukoo ukiona, kwamba wasifu wa baba yake usahihishwe kwa maandishi, na kwamba niulizwe, na nisiruhusiwe kukaa mpaka nimejibu, ni nani aliyeandika jina la Aisaria katika safu ya nne.