Ndevu za Malkia

Mwandishi wa vitabu vya watoto alikuwa na mazoea ya kusoma kwa sauti kila alichoandika, kidole kikitembea chini ya mstari, kana kwamba darasa zima limekaa mbele yake. Mhariri aliizoea sauti hiyo nzito, ila leo aliapa kwamba safari hii hatashindwa naye. Hadithi ilimhusu malkia wa kale aliyeilinda ngome yake, na kwa kurasa tatu nzima mama mwandishi aliandika tu "alipanda farasi," "aliamuru lango lifungwe," bila kusema kuwa mtawala huyo ni mwanamke.

"Watoto watapotea, mama. Hata mchoraji kapotea." Mhariri akamsogezea mchoro wa penseli: mtawala juu ya farasi, upanga mkononi, ndevu hadi kifuani. "Tuandike 'malkia' mstari wa kwanza, yaishe."

"Ndevu ni zenu, mwanangu. Mimi sikuandika ndevu. Nataka wamfuate vitani kwanza, ndipo wajue wanamfuata nani."

Akaomba raba. Akazifuta ndevu taratibu, akipuliza vumbi jeusi, mkono wa pili umeikandamiza karatasi kama anayemtuliza mtoto anyolewe. Kisha akamrudishia.

"Mchoro huu uende ukurasa wa nne."

Mhariri alitafuta kingine cha kubadilisha kwenye mchoro ili mtawala awe mwanamke: taji, mabega, upanga, macho makali yaliyoikazia ngome. Hakukiona. Akaifunika kalamu yake nyekundu.