Dawa ya plastiki na kanzu ya Idi

Kucheka mtacheka, najua, maana hata mke wangu Mwamini hucheka nikianza kuisimulia, halafu katikati hunyamaza, na akinyamaza natamani ningeacha. Ni habari ya siku nilipomchafua baba yake mbele ya Waislamu wote wa Kasongo, naye wakati huo alikuwa bado hajanipa binti.

Enzi hizo za Wabelgiji nilikuwa dereva wa Mreno mmoja mwenye duka, na gari lake dogo nililipenda (Mungu anisamehe) kuliko baadhi ya ndugu zangu. Ndani ya milango lilikuwa na plastiki nyeusi inayong'aa, pale mtu anapoegemeza mkono, na patroni, yaani huyo Mreno bosi wangu, aliikagua kila jioni. Nilikuwa nimemwomba gari hilo asubuhi ya Idi nimpeleke mzee Ramazani kwenye swala, akakubali kwa sharti moja, liwe safi. Mzee Ramazani ndiye baba yake Mwamini, posa nilishapeleka, na jibu angelitoa siku hiyohiyo baada ya swala. Rafiki zangu walisema mzee aliyepandishwa gari mbele ya watu hawezi kukataa.

Basi siku moja kabla ya Idi nikatumwa Kabambare, na wakati wa kurudi shangazi akanipa jembe jipya nimpelekee mama. Mahali pake palikuwa kwenye buti, lakini buti lilijaa magunia ya mchele, nikaona uvivu kuyasogeza, nikalisimamisha mbele kwenye kiti cha abiria, na barabara ile mnaijua kwa mashimo. Nilipofika Kasongo plastiki ya mlango ule ilikuwa na mikwaruzo mitatu, mirefu, myeupe.

Ningemwambia patroni, pengine angefoka tu yakaisha. Nikaogopa ataninyima gari. Nikakumbuka bibi yangu, kiti chake cha mti kikichubuka alikuwa akikipaka mawese yaliyochanganywa na masizi ya chungu, kikawa kama kipya (ninyi pia mmekua mkiona hivyo). Nikapaka, nikarudia, mikwaruzo ikapotea, patroni akapita jioni akatazama kwa macho tu akaridhika, nikaenda zangu nikipiga mluzi. Nilichosahau ni kwamba mti hunywa mafuta, plastiki hainywi kitu.

Asubuhi nikagusa, bado mbichi. Nikafuta kwa kitambaa na petroli kidogo, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa, maana petroli ililainisha plastiki yenyewe, ikachanganyika na masizi, ikawa ulimbo wa kunasia ndege. Viganja vyangu vilikuwa vyeusi, sabuni haikufua dafu, na mzee alishasimama mbele ya nyumba yake ananingoja, kanzu nyeupe, nyeupe hasa. Akaingia, akavuta pumzi.

"Mutoto, hii motokari iko inanuka nini?"

"Ni dawa, baba. Dawa ya Wazungu, ya kuchunga plastiki."

"Wazungu wako na akili," akasema, akaegemeza mkono wa kuume palepale.

Niliona. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba niliona na ningeweza kusema baba, toa mkono, na badala yake nikaanza kumwonyesha mashamba ya pamba upande wangu ili asitazame wake. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwenye kiwanja cha swala, pale mzee aliposhuka, watu wote wakitazama gari, akainua mkono kuwasalimu na kanzu ilikuwa nyeusi kuanzia kiwiko hadi kiganja. Vijana wakacheka. Yeye akadhani wanafurahia gari, akacheka nao. Imamu alishasimama, hakuna aliyepata nafasi ya kumwambia.

Sasa swala ya Idi ina takbira nyingi, na kwetu kila takbira mikono inapanda. Mzee safu ya mbele, mimi nyuma yake. Allahu akbar, mkono mweusi ukapanda. Allahu akbar, ukapanda tena, na safari hii aliuona, nilijua kwa jinsi ulivyochelewa kushuka, lakini mtu hakatizi swala. Na mimi kila nilipoinua viganja vyangu, jirani zangu walivitazama, wakatazama ile kanzu, wakaelewa, kicheko kikawatoka puani.

Baada ya hotuba akaniita pembeni. Nikamwambia yote, jembe, mawese, petroli. Hakufoka. Alikuwa akilisugua doa kwa kidole.

"Hii kanzu alishona mama yake Mwamini," akasema. "Ya mwisho, mbele ya kufa."

Nikaficha viganja vyangu nyuma ya mgongo.

"Kama uliniambia asubuhi, ningeikala kwa kiti cha nyuma. Nyuma nafasi ilikuwa."

Akarudi kwake kwa miguu.

Patroni alipouona ule mlango alininyang'anya ufunguo akanitupa kwenye udereva wa lori la pamba, nami niliona ni haki. Tangu hapo nikikwaruza kitu cha mtu, hata sufuria, namwita mwenyewe aje aone kabla sijagusa tambara.

Jibu la posa nililingoja mwaka mzima, na mwishowe alinipa Mwamini bila kunitajia kanzu. Mwamini aliifua kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu, doa likabaki. Mzee alikuwa na kanzu nyingine mbili, safi. Lakini kila Idi, mpaka alipofariki, alivaa ileile, akasimama safu ya mbele, nami nyuma yake nikautazama mkono ule ukipanda, na sikuwahi kujua kama alikuwa ananikumbusha mimi au alikuwa tu anamkumbuka mkewe.